Ēce na ukoo wake

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wafasiri wenzangu, nanyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma mkaacha vya mbele vitupu: asanteni kwa kuja.

Nimepewa saa nzima, nami nitaimaliza kwa neno moja la herufi tatu. Linaandikwa ēce. Kile kistari juu ya e ya kwanza kimewekwa na wahariri wa siku hizi ili kuonyesha kuwa irabu inavutwa, na c hapo husomwa kama ch yetu. Kwa hati ya Kiswahili tungeandika "eeche" na kazi ingekwisha. Ndilo neno ambalo Waingereza wa kale walilitumia kwa jambo lisilo na mwisho, tangu maandishi yao ya kwanza kabisa mpaka karne ya 13 hivi. Leo ukilitamka katika barabara za London watakuombea afya wakidhani umepiga chafya.

Tuanzie zizini.

Kaskazini mashariki mwa Uingereza, juu ya jabali linaloitazama bahari, mahali panapoitwa Whitby, palikuwa na nyumba ya watawa wa kiume na wa kike. Mkuu wao alikuwa mwanamke, Hild, aliyefariki mwaka 680. Habari zake tunazipata kwa Bede, mtawa msomi aliyemaliza historia yake ya kanisa la Waingereza mwaka 731. Bede anasimulia kwamba kwenye nyumba ile alikuwako mchunga ng'ombe jina lake Cædmon. Watu walipokaa karamuni, kinubi kilipitishwa mkono kwa mkono na kila aliyefikiwa akaimba. Cædmon alipoona kinubi kinamkaribia, aliinuka akatoka, kwa kuwa hakujua wimbo hata mmoja. Yeyote aliyewahi kuchomoka kwenye ngoma ya harusi kabla hajavutwa katikati atamwelewa. Usiku mmoja akaenda kulala na mifugo, zamu ya ulinzi ikiwa yake, na ndotoni mtu akasimama mbele yake akamwambia, "Cædmon, niimbie kitu." Akajibu kwamba hawezi, na kwamba ndiyo sababu ametoka karamuni. Yule mtu hakumwachia: imba, akamwambia, juu ya mwanzo wa viumbe.

Akaimba. Wimbo wenyewe ni mishororo 9 tu. Nakala zake mbili za kale zaidi ni za karne ya 8. Moja iko Cambridge na nyingine St Petersburg, zote ndani ya kitabu cha Bede. Katika mishororo hiyo 9, neno letu limetokea mara 2, na mara zote mbili limeandamana na drihten, yaani Bwana. Ēce drihten: Bwana wa milele.

Hapa nataka tusogee karibu, maana tupo watu tunaojua ushairi. Utenzi wao haukuwa na vina. Mshororo uligawanyika vipande viwili, kama ukwapi na utao wetu, na kilichovifunga vipande hivyo pamoja ni sauti ya mwanzo ya maneno yenye mkazo. Konsonanti ilitaka konsonanti iliyo sawa nayo. Irabu ilikuwa na uhuru zaidi: irabu yoyote ilikubaliana na irabu nyingine yoyote. Sasa ēce linaanza kwa irabu. Mshairi akiliweka katika ukwapi, utao unamdai neno lolote linaloanza kwa irabu, na maneno hayo ni mengi kama mchanga. Cædmon alichagua lipi? Katika mshororo wa 4 alichagua ōr, maana yake mwanzo: Bwana wa milele aliweka mwanzo. Katika mshororo wa 8 alichagua æfter, maana yake baadaye: Bwana wa milele, baadaye, akaifanya ardhi kwa ajili ya watu. Milele ya kwanza imefungwa na mwanzo, ya pili imefungwa na baadaye. Atakayeniambia kwamba mchunga ng'ombe huyu aliangukia hayo kwa bahati ya irabu, nitamsikiliza kwa adabu na sitamkubali.

Lakini msidhani neno hili lilikuwa la ibada peke yake. Mfalme au tajiri alipotoa shamba kwa hati, aliandika kwamba analitoa on ēce yrfe, kuwa urithi wa milele, maneno ya mtu anayefunga mlango ili wajukuu wasije kudai. (Mashamba mengi waliyopewa watawa kwa namna hiyo yalichukuliwa na mfalme Henry wa 8 kati ya mwaka 1536 na 1540, nyumba ya Whitby ilifungwa 1539. Hati za ardhi hazijawahi kuwa na bahati na neno milele, hilo hata huku kwetu tunalijua.) Na katika utenzi mkubwa wa Beowulf, wenye mishororo zaidi ya 3,000, mfalme mzee Hrothgar anamkanya shujaa kijana ajiepushe na kiburi na achague ēce rǣdas, mashauri ya kudumu. Mwishoni mwa utenzi huohuo shujaa yuleyule, sasa naye ni mzee, ameumwa na joka na sumu inapanda. Anaketi ukutani anatazama ndani ya kaburi la kale ambamo joka lililala juu ya dhahabu: matao ya mawe, nguzo zimeyashika. Mshairi anakiita kitu kile ēce eorðreced, nyumba ya milele ya chini ya ardhi.

Wahariri wamesumbuka na mstari huo. Nyumba ya milele vipi, wakati ni kaburi la watu waliosahaulika majina? Mimi naona usumbufu ni wetu, kwa sababu tumezoea milele ya wanafalsafa. Mshairi alimaanisha kitu kilichokuwapo kabla ya babu wa babu yake na ambacho hakuona dalili ya kukoma kwake. Kwa masikio yake hilo lilitosha kuitwa ēce.

Wanafalsafa nao walifika. Mnamo mwaka 524 hivi, Mrumi aitwaye Boethius, akiwa kifungoni akingoja kuuawa, aliandika kwa Kilatini kitabu juu ya faraja ya falsafa. Mwishoni mwake aliueleza umilele kwa namna iliyowatawala wasomi wa Ulaya kwa karne nyingi: kuumiliki uhai usio na kikomo wote kwa pamoja, bila kuupokea kidogo kidogo. Angalieni, hakusema muda mrefu sana, alisema uhai. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza cha kale, tafsiri inayohusishwa na mfalme Alfred wa Wessex aliyefariki mwaka 899, na mfasiri alikutana na tatizo tunalolijua sote: neno lake lilikuwa moja, maana zilikuwa zaidi ya moja. Akafanya alichopaswa kufanya mfasiri, akafafanua. Viko vitu vya namna tatu, akaandika. Kuna vya kupita, vyenye mwanzo na mwisho. Kuna vilivyo ēce vyenye mwanzo lakini visivyo na mwisho, nao ni malaika na roho za watu. Na yuko aliye ēce bila mwisho wala mwanzo, naye ni Mungu.

Mtu aliyesoma chuoni pwani hashangai hapa. Katika sifa 20 za Mwenyezi Mungu tulizokaririshwa, kidamu iko mbali na bakaa: ya kwanza inakana mwanzo, ya pili inakana mwisho. Na Kiswahili kimeazima vyote viwili, azali kwa upande wa nyuma na abadi kwa upande wa mbele. Mfasiri wa Alfred angetupa shamba la urithi apate jozi kama hiyo.

Kabla sijaenda mbali, jambo moja dogo. Kiingereza cha kale kilikuwa na ece nyingine, ya irabu fupi, na maana yake ilikuwa maumivu. Katika vitabu vyao vya waganga utaikuta tōþece, maumivu ya jino. Kwa sisi wenye kufa na kufaa, urefu wa irabu si jambo geni. Tofauti ni kwamba sisi tunaandika irabu mara mbili, wao kwa kawaida hawakuweka alama. Kwenye ngozi ya kuandikia, milele na maumivu ni herufi zilezile tatu. Kijana akisoma kwa haraka anaweza kumpa mtakatifu maumivu badala ya uzima. Aliyewahi kukesha na jino bovu ataona wala hakukosea sana.

Sasa asili yake, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Ukilifuata ēce kurudi nyuma unafika kwenye mzizi ambao wataalamu wa lugha za Ulaya na India wameukusanya kutoka pande nyingi. Wagothi, ambao Biblia yao ilifasiriwa na askofu Wulfila karne ya 4, walisema ajukduþs kwa umilele na aiws kwa muda au zama. Warumi walikuwa na aevum, muda wa maisha au zama. Kutoka hapo wakapata aeviternus, ambalo ulimi ulilikata likawa aeternus. Wayunani walikuwa na aiōn, ambalo katika tenzi zao za kale lina maana ya uhai wa mtu, ule unaomtoka anapokufa vitani, na baadaye tu likawa zama, kisha umilele. Wahindi wa kale walikuwa na āyus, uhai au umri, neno ambalo bado limo katika Ayurveda, elimu ya uhai. Wataalamu wengi wanaongeza hata neno la Kiingereza la kijana, "young", pamoja na iuvenis la Kilatini: kijana ni yule aliyejaa kitu hicho.

Yaani mzizi huu haukuanza na saa wala kalenda, ulianza na nguvu ya uhai iliyomo mwilini. Kutoka uhai ukapanuka kuwa muda ambao uhai unadumu, kutoka hapo kuwa zama, na mwisho wa safari kuwa kisichokwisha. Waingereza wa kale walibaki na alama nyingine za safari hiyohiyo. Walipotaka kusema "daima" waliweza kusema tō ealdre, neno kwa neno "mpaka uhai", na hakuna aliyeelewa kwamba kuna kikomo. Neno lao æfre, ambalo leo ni "ever", lina mjadala, ila maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba limetokana na ā in fēore, "daima katika uhai".

Kwetu sisi hili si la kuhadithiwa. Hakimu akitoa kifungo cha maisha, mfungwa anaelewa kuwa ameambiwa milele. Mafundi wa mashairi yetu wana aushi, lenye asili ya Kiarabu, ambalo ni maisha na ni kudumu kwa pamoja. Lugha zisizo na undugu zimepita njia moja, kwa sababu binadamu kipimo cha kwanza cha muda alichokuwa nacho ni pumzi yake mwenyewe.

Lilikufaje, basi? Jibu la haraka ni mwaka 1066: Wanormandi wakaja, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana, na éternel likamfukuza mwenyeji. Jibu hilo lina ukweli lakini mimi haliniridhishi, maana Kiingereza kilipigana na Kifaransa kikahifadhi maneno mengi sana ya kwake, tena katika dini hasa. Mungu, mbingu, jehanamu, dhambi, yote haya kwa Kiingereza ni maneno ya nyumbani mpaka leo. Kwa nini hili likaanguka?

Tazama lilivyokuwa baada ya ule uvamizi. Katika mahubiri ya karne ya 12 na 13 bado lipo, linaandikwa eche. Lakini eche sasa limekuwa pia umbo la neno la "kila mmoja". Eche ni kitenzi cha kuongeza. Eche au ache ni yale maumivu yetu ya jino. Maneno manne yanagombea mlango mmoja, na matatu kati ya hayo ni ya kila siku. Neno ambalo mtu analisikia kanisani tu haliwezi kushinda vita hiyo. Wakati huohuo lilikuwapo mbadala mwepesi uliofahamika na kila mtu, wa kuunganisha "ever" na kitenzi cha kudumu: "everlasting". Kwa hiyo eche halikuuawa na mgeni peke yake, nduguze walimsaidia.

Ushahidi mzuri ni kitabu kilekile cha Boethius. Katika miaka ya 1380 mshairi Chaucer alikitafsiri tena kwa Kiingereza, kiasi cha miaka 500 baada ya ile tafsiri ya zama za Alfred. Pale ambapo mtangulizi wake alilazimika kueleza kwa aya nzima, Chaucer ana sentensi fupi: Mungu ni "eterne", ulimwengu ni "perpetuel". Amepata jozi aliyoitaka, ila maneno yote mawili ni ya Kilatini yaliyopitia Ufaransa. Eche halimo tena.

Na Yohana 3:16, mstari ambao hata asiyeingia kanisani anaujua, unaonyesha kitu hichohicho hatua kwa hatua. Mwishoni mwa karne ya 10, Injili ya Kiingereza cha kale inasema ac hæbbe þæt ēce līf. Biblia ya Wycliffe na wenzake, tena miaka ya 1380, imekwisha hamia "everlasting". Biblia ya mfalme James ya mwaka 1611 inaandika "everlasting" katika mstari wa 16, lakini katika mstari wa 15, uliotangulia tu, inaandika "eternal". Na Mathayo 25:46 imeyaweka yote mawili ndani ya mstari mmoja: adhabu ni "everlasting", uzima ni "eternal".

Nimesikia wahubiri, baadhi yao wetu, wakijenga juu ya tofauti hiyo: kwamba adhabu inadumu lakini uzima una sifa ya juu zaidi, na kadhalika. Ndugu zangu, Kiyunani pale ni neno moja, aiōnios, pande zote mbili. Wafasiri wa 1611 hawakujifunga kutumia neno lilelile kila mahali, na walisema hivyo wenyewe katika dibaji yao. Biblia yetu ya Kiswahili ya Union imesimama vizuri zaidi: "adhabu ya milele", na "uzima wa milele". Na kichekesho ni kwamba aiōnios linatokana na aiōn, ndugu wa damu wa ēce. Yule mfasiri wa Injili wa karne ya 10, akitafsiri kutoka Kilatini bila Kiyunani mbele yake, alikuwa ameshika neno la ukoo uleule. Kila tafsiri ya Kiingereza iliyofuata ilipoandika "everlasting" ikawa imetoka kwenye ukoo huo kidogo, na ilipoandika "eternal" ikarudi kwa kupitia Roma.

Ukoo wenyewe haujaisha. Wajerumani wanasema ewig kwa milele hadi leo. Waholanzi wanasema eeuwig kwa milele na eeuw kwa karne moja, miaka 100 tu, na mtu hachanganyikiwi. Katika Kiingereza chenyewe waliobaki wamejificha kwenye maneno madogo. Ēce lilikuwa na ndugu mfupi kuliko wote, ā, maana yake daima. Ukitia kikanushi ne mbele yake unapata nā, "si daima hata", na hilo ndilo "no" la leo. Ukiongeza wiht, kitu, unapata nāwiht, "si kitu chochote daima", ambalo limechakaa mpaka likawa "not". Æfre na kikanushi likawa "never". Æfre likiungana na ælc, kila, likawa "every", na humo ndani ælc ni yuleyule aliyekuwa eche, mmoja wa waliomsukuma ēce nje.

Kwa hiyo mwenye duka wa Kiingereza anayemjibu mteja "no" anapoulizwa kama mkate upo leo ametumia neno ambalo kwa asili yake linasema hatakuwa nao kamwe. Kesho asubuhi mkate upo.

Nimebakiza dakika kumi. Viti vya nyuma ndivyo vitakavyoanza kuuliza.